Mwalimu Akiwa Amenawa Mikono

*Haya ni maelezo yaliyotolewa na daktari bingwa wa mifupa, mzaliwa wa Ufipa, mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia na wageni wafadhili waliokutana Msanzi. Tumeyaweka kama alivyoyasema, tukipunguza marudio tu. Mhariri.*

Nilipoondoka huku kwenda shule nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Leo naona baadhi ya niliochunga nao wameketi hapa mbele, na wawili kati yao wameshika fimbo. Hilo tu limetosha kunikumbusha nimeitiwa nini.

Katibu aliponipigia simu alinieleza jambo lenyewe kwa ufupi. Wapo marafiki walio tayari kuchangia matibabu ya watu wa huku ambao nyonga na magoti yao yamekwisha. Wametuuliza tunataka nini: watununulie viungo bandia, walete timu ya madaktari kwa majuma mawili, au wasaidie kuwafundisha madaktari vijana. Kamati mbili zimeandika viungo bandia, moja imeandika timu, na nyingine imeandika vyote vitatu, jambo ambalo silishangai. Nimekuja kuwaomba muandike hilo la tatu. Na ndani ya hilo la tatu kuna kitu kimoja ambacho kwa kawaida hakionekani kabisa kwenye maombi ya fedha. Nitakifikia, naomba mnivumilie.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Nyonga ni kichwa cha mfupa wa paja, cha duara kama limau kubwa, kinachozunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiunoni. Kichwa na kikombe vimefunikwa na gegedu laini, linaloteleza. Gegedu likiisha, mfupa unasagana na mfupa. Mnawajua watu hao. Ni mama aliyekuwa anafukia majani na kuinua ntumba shamba zima kwa siku chache, na sasa hawezi kuinama kuchukua jembe. Ni baba ambaye hawezi kufunga kamba za viatu, ambaye usiku hupiga kelele akigeuka kitandani. Hafi kwa ugonjwa huu, na kwa sababu hafi, hakuna anayekimbia kumwita daktari.

Katika nchi za Ulaya wengi wanaobadilishwa nyonga ni wazee ambao gegedu lao limelika kwa umri. Kwetu picha ni tofauti. Magoti yetu hufanana na yao, yaani uzee, uzito na kazi. Lakini kwenye nyonga napokea watu wa miaka 30 na 40. Wengine walivunjika shingo ya paja kwa kuanguka au kwa bodaboda, wakakandwa nyumbani kwa miezi, mfupa ukakataa kuunga. Wengine wana selimundu, na damu haikufika kwenye kichwa cha mfupa, kikafa kikabomoka. Wengine walitumia vidonge vya steroidi kwa muda mrefu, wengine ni walevi wa siku nyingi, wengine wanaishi na virusi vya UKIMWI. Wengine walipata kifua kikuu cha nyonga au usaha utotoni, na kiungo kikapinda kikakaa hivyo. Wenzetu wa Malawi walianzisha daftari la kitaifa la viungo bandia mwaka 2005, na kwao pia kufa kwa kichwa cha mfupa kulikuwa sababu kubwa iliyowaleta watu kubadilishwa nyonga.

Nasema haya kwa sababu kuna dhana kwamba daktari wa Afrika anaweza kufundishwa kidogo tu, kwa kuwa atakuwa na vifaa vichache. Ni kinyume chake. Nyonga ya bibi wa Uingereza iliyolika kwa uzee bado ina umbo lake. Ya kijana wa Matai iliyovunjika miaka 6 iliyopita imevutwa juu, misuli imekakamaa, mfupa umekuwa laini, na mguu ni mfupi. Halafu mwenyewe ana miaka 35, anataka kiungo hicho kidumu, na anataka kurudi shambani. Daktari wa kwetu anahitaji mafunzo zaidi ya yule wa kule.

Sasa upasuaji. Tunafungua nyonga, tunakata kile kichwa kibovu, tunachonga kikombe cha mfupa mpaka kiwe safi, tunaweka ndani yake kikombe kipya, kwa kawaida cha plastiki ngumu. Kisha tunatoboa uti wa mfupa wa paja na kuingiza mpini wa chuma wenye kichwa cha duara juu yake. Mara nyingi tunashikiza kwa saruji ya mifupa, ambayo ni jamii moja na ile inayotumiwa na mafundi wa meno ya bandia. Unaichanganya unga na maji yake, na una dakika chache tu kabla haijawa jiwe. Kwenye joto la Dar es Salaam inaganda haraka kuliko hapa kwetu kwenye baridi ya Juni. Mwanafunzi aliyejifunzia kwenye chumba chenye kiyoyozi anaweza kushangaa siku kiyoyozi kitakapokufa, na mpini bado uko mkononi. Wakati saruji inaingizwa, presha ya mgonjwa inaweza kushuka ghafla, kwa hiyo mpasuaji na mtu wa usingizi lazima wawe wanazungumza, si kila mmoja na lake.

Goti nalo lina ugumu wake. Unakata ncha ya mfupa wa juu na ncha ya mfupa wa chini, unavivika chuma, unaweka plastiki katikati. Kukata si kazi. Misumeno na vipimo vipo. Kazi ni zile nyuzi zinazoshika goti kulia na kushoto. Upande mmoja ukikaza na mwingine ukalegea, mgonjwa atatembea kama meza yenye mguu mfupi, na plastiki italika upande mmoja. Hilo huwezi kulisoma kitabuni ukalijua. Unalijua kwa kushika goti, na mtu mwenye kujua akiwa ameshika goti hilo hilo.

Hapa naomba niwasimulie kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya ubingwa, katika hospitali ambayo sitaitaja. Nilikuwa nimeshiriki kubadilisha nyonga 11. Kushiriki maana yake nilishika vyuma vya kufungulia kidonda, nikanyonya damu, nikashona ngozi. Ile ya 12 ilikuwa ya mama mmoja mkulima wa maharage, mnene kidogo, mcheshi sana. Tulipokwisha kufungua, mwalimu wangu akaitwa chumba cha pili kwa ajili ya majeruhi wa ajali ya basi. Alikuwa ndiye bingwa pekee siku ile, hakuwa na la kufanya. Akavua glavu, akaniambia: endelea, umeshaziona nyingi.

Kikombe cha nyonga hutakiwa kilale kwa mwinamo wa nyuzi 40 hivi, na kielekee mbele kidogo. Mimi nilikiweka kikiwa kimesimama mno. Nilidhani kiko sawa, kwa sababu mgonjwa alikuwa amegeuka kidogo mezani na mimi sikuliona hilo. Nilipima kwa meza badala ya kumpima kwa mwili wake. Kesho yake nilipoona picha ya eksirei nilijua. Mwalimu naye alijua, akanyamaza, akasema tusubiri. Juma la tatu yule mama aliinama kuokota ungo, nyonga ikatoka. Wakamrudisha nyuma ya pikapu akiwa amelala juu ya magunia. Tukairudisha kwa dawa ya usingizi. Siku kumi baadaye ikatoka tena, safari hii akiwa anaketi kwenye kigoda.

Ilibidi apasuliwe upya. Nilikwenda kumweleza. Akaniangalia, akauliza, "Ni wewe tena?" Nikamwambia ni mimi, ila mwalimu wangu atakuwapo tangu mwanzo hadi mwisho. Akasema, "Basi awepo."

Alikuwapo. Alisimama ng'ambo ya meza amenawa mikono, amevaa joho na glavu, hakushika kisu. Alinifanya nimweke yule mama mwenyewe mezani, nikaweka mito ya kumzuia asigeuke, akanirudisha mara mbili. Nilipofika kwenye kikombe aliweka kidole chake juu ya changu akasema: bado, bado, shusha, hapo. Hakusema zaidi ya hayo. Kile kidole kilinifundisha kuliko nyonga 11 nilizozitazama. Yule mama alipona, lakini alipoteza msimu mzima wa kilimo, na familia yake iliuza ng'ombe wawili kulipia mara ya pili kosa ambalo halikuwa lake.

Kwa hiyo nikisikia watu wanasema tununue viungo bandia, nakumbuka kwamba kiungo nilichomwekea yule mama kilikuwa kizuri kabisa, na kilikuwa cha msaada, hakikumgharimu mtu.

Aliyeliona hili mapema ni John Charnley wa Uingereza, ambaye ndiye aliyeuweka upasuaji wa nyonga kwenye mstari tunaoufuata hadi leo. Alifanya kazi Wrightington, hospitali iliyojengwa kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Vikombe vyake vya kwanza vilikuwa vya plastiki aina ya tefloni. Wagonjwa wapatao 300 waliwekewa, wakafurahi, na baada ya miaka michache plastiki ikalika na kuwaletea uvimbe. Hakukimbia, alirudi kuwapasua mwenyewe. Mwezi Novemba 1962 alianza kutumia plastiki ngumu zaidi, aina ya polithini, baada ya fundi wake Harry Craven kuijaribu kwenye mashine hata pale ambapo mkubwa wake hakuwa na imani nayo. Nyonga zile zilidumu. Madaktari wa dunia nzima wakataka kuzinunua. Charnley akaweka sharti: kwa miaka kadhaa kiwanda cha Thackray hakikuruhusiwa kumuuzia daktari ambaye hakuwa amekwenda Wrightington kujifunza. Fikirini mtu ana bidhaa inayotakiwa na kila mtu, na anakataa kuiuza mpaka mnunuzi aje asimame naye mezani.

Na waliokwenda kujifunza hawakurudi na nyonga tu. Frank Gunston, daktari kijana kutoka Kanada, alikuwa pale mwaka 1968, na ni pale alipotengeneza goti bandia ambalo ni miongoni mwa mababu wa magoti ya leo. Mwanafunzi alikuja kusoma nyonga akaacha goti.

Sisi Wafipa hatuhitaji kufundishwa hili na Mwingereza. Matanuru ya kuyeyushia chuma, yale malungu marefu kuliko mtu, bado yanasimama sehemu mbalimbali za uwanda huu. Mawe yenye chuma yalikuwa ya kila mtu, udongo wa kujengea ulikuwa wa kila mtu, kuni zilikuwapo. Lakini hakuna aliyepewa tanuru kwa kuwa ana mawe. Alikaa na fundi misimu mingi, akabeba mkaa, akajua ni lini moto umeiva.

Tuje kwenye mafunzo yalivyo sasa. Kijana akimaliza udaktari wa kawaida na mwaka wa mazoezi, akafanya kazi kidogo, anaweza kusomea ubingwa wa mifupa. Hapa Tanzania njia moja ni ya chuo kikuu: Muhimbili, ambako iko Taasisi ya Mifupa, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, au KCMC kule Moshi, au Bugando, Mwanza, hospitali ya maaskofu Katoliki. Njia ya pili ni Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha. Hiki hakina madarasa. Mwanafunzi hubaki katika hospitali iliyokubaliwa, miaka miwili ya upasuaji wa jumla na mitatu mingine ya mifupa, akiandika kila upasuaji kwenye daftari lake: nilitazama, nilisaidia, nilifanya nikisimamiwa, nilifanya peke yangu. Hospitali za makanisa zimenufaika sana na njia hii, kwa mfano Tenwek huko Bomet, Kenya, kwa kuwa kijana hahitaji kuhamia mji mkuu.

Lakini kubadilisha nyonga na goti ni sehemu ndogo tu ya masomo hayo. Muda mwingi, kwa haki kabisa, unaliwa na mifupa iliyovunjika. Kijana anaweza kufaulu mtihani akiwa ameona viungo bandia vichache, na kuvifanya mwenyewe vichache zaidi. Ndiyo maana baada ya ubingwa anahitaji kukaa tena mahali penye kazi hiyo nyingi, miezi sita, mwaka, mikono yake ikizoea. Anaanza na mifupa ya plastiki kwenye karakana, anakosea bila kumwumiza mtu. Kisha anafanya sehemu: leo mpini tu, mwezi ujao kikombe tu, mpaka siku anapofanya yote. Wanaofanya upasuaji huu mara chache kwa mwaka hupata matatizo mengi kuliko wanaoufanya kila juma. Hilo limeonekana nchi nyingi, na ndilo linalonifanya nisiahidi kwamba nyonga zitabadilishwa katika kila hospitali ya wilaya. Hata mimi nisingetaka.

Mzee mmoja aliniuliza asubuhi, kabla hatujaingia ndani: "Kwa hiyo mtajifunzia kwetu sisi maskini?" Swali hilo ni zito na nisingependa kulipita. Ni kweli kwamba kila daktari bingwa alianza kwa mtu fulani, na mtu huyo mara nyingi si waziri. Jibu langu liko kwenye takwimu na kwenye yule mama wa maharage. Uingereza na Wales wana daftari la kitaifa la viungo bandia tangu mwaka 2003, na wamelitumia kuangalia nyonga zilizowekwa na madaktari walio masomoni. Kwa ujumla hazikuhitaji kurudiwa zaidi ya zile za mabingwa. Zilizoonyesha hatari kuongezeka ni zile ambazo mwanafunzi alifanya bila bingwa aliyenawa mikono kuwa naye mezani. Angalieni tofauti. Bingwa kuwa ofisini hakutoshi, wala kuwa kwenye simu. Mgonjwa aambiwe wazi nani atashika kisu na nani atasimama naye, na akikataa asinyimwe matibabu. Maskini huonewa pale mwalimu anapokosekana, na katika hospitali zetu mwalimu hukosekana kwa sababu ni mmoja, wagonjwa wa dharura ni wengi, na hakuna aliyelipia muda wake.

Hicho ndicho kitu nilichosema hakiandikwi. Kwenye maombi ya fedha tunaandika ada, vitabu, nauli, kompyuta. Hatuandiki muda wa mwalimu. Upasuaji ambao bingwa peke yake humaliza kwa saa moja na nusu, akimfundisha kijana unaweza kuchukua saa tatu. Siku hiyo badala ya wagonjwa watatu atahudumia wawili. Uongozi wa hospitali unaona mapato yanapungua, wagonjwa wanaona foleni inaongezeka, mwalimu anaanza kushika kisu mwenyewe ili siku iishe, na kijana anarudi kushika vyuma. Marafiki zetu wakilipia hicho tu, yaani bingwa wa pili wa kubeba dharura siku za mafunzo, watakuwa wamenunua kile ambacho mimi nilikosa siku ile ya basi.

Kuhusu timu za wageni sina ugomvi nazo. Nimefanya nazo kazi, na wapo waliokuja kituo kile kile, mwezi ule ule, mwaka baada ya mwaka, wakamwachia kijana kisu tangu siku ya pili. Hao ni walimu. Wapo pia waliokuja wakapasua 20 kwa siku tano, wakapiga picha, wakaondoka Jumamosi, na Jumatano kidonda cha mmoja kikaanza kutoa maji. Nani anashughulika? Kijana aliyekuwa amesimama ukutani akitazama. Na viungo vile ni vya kampuni fulani yenye vipimo vyake, vifaa vya kuvitolea vimerudi kwao kwenye masanduku. Timu ikitaka kuja, iulizwe maswali mawili: ni nyonga ngapi zitafanywa na mikono ya vijana wetu, na mwakani mtarudi?

Kidonda kikipata usaha ndiyo balaa kubwa ya kazi hii. Wadudu wakishika chuma, dawa haziwafikii vizuri. Mara nyingi kila kitu hutolewa, na mgonjwa anabaki hana nyonga ya zamani wala mpya. Charnley alipoanza, wagonjwa wapatao 7 kati ya 100 walipata usaha. Alihangaika na hewa ya chumba, na mavazi, na idadi ya watu wanaoingia, mpaka akafika chini ya 1. Kwa hiyo msisomeshe mpasuaji peke yake. Muuguzi wa chumba cha upasuaji, mtu wa usingizi, fundi wa mashine ya kuchemshia vyombo, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hao waende pamoja naye hata kwa miezi mitatu. Muuguzi aliyefundishwa ndiye anayethubutu kumwambia daktari, tena daktari mkubwa, kwamba glavu yake imegusa mlango. Nimewahi kuambiwa hivyo na dada mdogo kuliko binti yangu. Nilinuna, nikabadilisha glavu.

Na fedha za kuendelea zitatoka wapi? Kiungo chenyewe huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi, na msaada una mwisho. Beit CURE ya Blantyre, iliyofunguliwa mwaka 2002, ilijaribu njia hii: watu wazima wenye uwezo walipie nyonga na magoti yao, na mapato yasaidie watoto wenye ulemavu watibiwe bure. Si kila mahali patafaa. Nawaomba tu wajumbe wa fedha wajue kwamba kijana aliyefundishwa vizuri anaweza kuiingizia hospitali yake kipato, wakati sanduku la viungo bandia likiisha limeisha.

Kwa hapa Rukwa nasema hivi. Kwa miaka michache ijayo mgonjwa wa Msanzi atasafiri, na kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Angalau lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga imempunguzia mateso; wanaokumbuka barabara ile ya zamani wanajua mtu mwenye nyonga mbovu alifikaje Mbeya. Lakini kabla na baada ya safari hiyo kuna kazi ambayo ni yenu, wala haihitaji daktari. Shingo ya paja iliyovunjika ifike hospitali siku hiyo hiyo, isikandwe. Mtoto mwenye homa asiyeweza kukanyaga asisubiri Jumapili ipite. Aliyerudi na nyonga mpya asikae kwenye kigoda wala asichuchumae chooni. Seremala wa kigango amtengenezee kiti cha choo chenye tundu, ni mbao nne na misumari. Na kidonda kikilowa hata tone baada ya juma la pili, kamati itafute gari usiku huo huo.

Pale Sumbawanga kuna hospitali yenye jina la Dkt. Adrian Atiman. Wengi hapa wanajua habari zake. Alitekwa utotoni huko Sudani ya Magharibi, karibu na mto Niger, akauzwa, akakombolewa na wamisionari, wakampeleka Malta, ambako Kardinali Lavigerie alikuwa amefungua nyumba mwaka 1881 ya kuwasomesha udaktari vijana wa Kiafrika. Alifika Karema mwaka 1889 na akatibu watu wa ufuko ule wa Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67. Waliolipa ada ya Malta wangeweza kununua masanduku ya dawa kwa fedha ile ile, na watu wa Karema wangezipokea kwa shukrani, zingeisha kabla ya mvua za pili.

Vijana wawili wa mkoa huu wako masomoni sasa, wa mifupa wote. Sitawataja majina maana hawajanituma. Mmoja ameniandikia kwamba daftari lake lina nyonga tisa, na katika safu ya "nilifanya nikisimamiwa" hakuna hata moja. Karatasi za kamati ziko mezani kwa katibu, na nafasi ya kuandika bado ipo chini ya ukurasa.

Naona mzee wa Matai ameinua mkono tangu nilipotaja ng'ombe. Karibu, mzee, uliza.